Mgongo Unapouma, Angalia na Mawazo

Umetoka kuchuma majani chai hapa Kangari na mgongo unauma. Buddha alifundisha kwamba tunajua mambo kupitia macho, masikio, pua, ulimi, mwili, na pia akili. Mwili unahisi maumivu, akili inaongeza: "Nikilemaa, watoto watakula nini?" Hofu hiyo, alisema, ni mshale wa pili juu ya kidonda cha kwanza.

Tangu mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn wa Marekani alifundisha wagonjwa wenye maumivu sugu zoezi lenye asili hiyo. Keti, fuata pumzi yako, tambua: haya ni maumivu, hili ni wazo tu.

Usiache dawa. Miguu ikilegea au mkojo ukikataa kutoka, nenda hospitali mara moja.