Nganda, sheria na umri wa mnywaji
Kuna wakati sheria ya pombe huku Kongo ilitazama kwanza rangi ya mnywaji. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana biashara ya pombe kali sehemu kubwa ya Afrika. Kisha, chini ya Wabelgiji, Mkongomani aliachiwa bia. Divai na wiski zikabaki karibu za Mzungu peke yake, hadi miaka ya 1950. Dharau hiyo inauma hata leo.



Sasa tuangalie umri. Kwa sheria ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Mama unayeuza kasiksi, tafadhali usimpimie, hata akisema ametumwa na baba yake.