Mteuliwa na Rekodi ya Kazi Yake

Wasikilizaji wetu wa Kambu na viunga vyake, nanyi mlio ng'ambo ya mto Athi upande wa Kitui, Katiba yetu, katika kifungu cha 154, imempa Rais haki ya kumteua Katibu wa Baraza la Mawaziri, ikalikabidhi Bunge la Taifa amana ya kumridhia au kumkataa. Amana hiyo ilitumiwaje mwezi wa Juni 2015, alipoletwa mbele ya wabunge Dakta Monica Juma, bibi aliyehitimu shahada ya uzamifu huko Oxford, akawa balozi wetu nchini Ethiopia, kisha Katibu katika Wizara ya Ulinzi na ile ya Usalama wa Ndani?

Alikataliwa, na iliyomwangusha hasa ni barua aliyoliandikia Bunge, akilalamika kwamba wabunge walikuwa wakimiminika ofisini mwake kuwaombea watu vyeo na uhamisho.

Nami nasema wazi kwamba barua ile, iliyofanywa dhambi yake, ilikuwa shahada ya uadilifu wake, kwani raia wa Kambu, anayemwendea chifu kutafuta haki ya shamba lake, hana faida yoyote kwa chifu aliyepata kiti kwa shufaa ya mkubwa. Tena si insafu mlalamikiwa kuketi akawa ndiye kadhi, na wabunge siku ile waliketi hivyo. Elimu na miaka ya utumishi haikuwekwa mizanini ipasavyo.

Hata hivyo, mwaka 2018, Bunge lililofuata lilimwidhinisha kuwa Waziri wa Mambo ya Nje.