Uani Nako Kunataka Kivuli

(Mazungumzo ya afisa elimu ya watu wazima na wahitimu wa kisomo, Ndama, Karagwe)

Najua wengine mmeacha maharage hayajapurwa. Sitawachelewesha.

Leo sikuja na kitabu. Nimekuja na jambo nililoliona kwa macho yangu hapa hapa kwetu. Mwezi uliopita nilipita nyumba kwa nyumba kutazama nani bado anasoma baada ya kumaliza kisomo. Nilifika kwa mama mmoja saa nane mchana. Mama huyu alifaulu mtihani vizuri sana, hata barua za jirani zake alikuwa akizisoma yeye. Nikampa gazeti. Akaanza, akakwama, akaanza tena. Halafu akacheka kwa aibu akasema, "Mwalimu, herufi zimenitoroka."

Nikamwuliza, zimekutorokaje? Hakunijibu kwa maneno. Akanishika mkono tukazunguka nyumba. Ndani kuna giza, dirisha moja dogo. Jikoni moshi. Mbele ya nyumba kuna mwembe mzuri wenye kivuli, lakini pale hukaa mzee na wageni wake. Tukaenda nyuma, uani. Uwanja umefagiwa safi, mweupe, hauna jani hata moja, na jua limeushika wote. Akaniuliza, "Sasa mimi nikae wapi nisome?" Usiku taa ni ya watoto wa shule.

Basi mimi nilirudi nyumbani nikifikiri. Kwa sababu siyo kusoma tu. Hebu tuhesabu pamoja kazi zinazofanyika uani. Kumenya ndizi. Kuchambua maharage. Kuosha vyombo, kufua, kuogesha watoto, kusuka mikeka, kuangalia kahawa iliyoanikwa. Mama anakaa uani saa nyingi kuliko mahali pengine popote nyumbani kwake, na mahali hapo ndipo pasipo na kivuli. Tumezoea kuona kwamba uwanja safi ni uwanja mtupu. Mimi nasema hapana. Usafi na jua kali ni vitu viwili mbalimbali.

Wazee watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, kisha wakashika majembe. Walichimba vyoo, wakafukia madimbwi, wakafyeka majani karibu na nyumba. Hawakungoja serikali iwajengee choo. Mimi ninayozungumza nanyi sikuwa nimezaliwa, lakini nimesimuliwa sana. Nataka tulifanye jambo hili la uani kwa namna ile ile, kila kikundi kwa mikono yake.

Sasa tuzungumze joto. Mtu mwingine atasema, Karagwe hakuna joto. Ni kweli, hatufanani na pwani. Mimi nilisoma ualimu Korogwe, mkoa wa Tanga, na nilipata taabu. Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya bahari, nasi tuko juu zaidi ya ziwa. Ukitoka huku ukashuka mpaka Tanga mjini, unakutana na joto linalolala na wewe kitandani. Lakini nendeni mkakae chini ya mabati saa nane mchana, siku za mwanzo wa mvua, wakati mawingu yamefunga na mvua hainyeshi. Hapo mtaniambia. Na ndugu zetu wanaokaa mabondeni, karibu na mto Kagera, hawahitaji kuambiwa.

Mwili wa mtu una dawa yake ya joto, nayo ni jasho. Jasho likikauka juu ya ngozi, linaondoka na joto. Ndiyo maana ukitoka kuoga upepo ukakupiga, unasikia baridi. Lakini hewa ikiwa imekwisha kushiba maji, jasho halikauki. Linatiririka tu na kukuchosha. Wakati huo kinachokusaidia ni upepo. Upepo huiondoa hewa ile nzito iliyokuzunguka na kuleta nyingine. Kwa hiyo kivuli peke yake ni nusu ya kazi. Kivuli kilichofungiwa hakina faida kubwa.

Watu wa pwani wanalijua jambo hili tangu zamani. Kule Tanga niliona banda la uani lina paa la makuti na nguzo, basi. Ukuta hakuna. Mchana watu wanakaa pale, wanapepeta mchele, wanakuna nazi, wanazungumza, upepo unapita katikati yao. Mimi mgeni nikawa natafuna joto chumbani, wenyeji wako nje wanacheka.

Niliporudi nyumbani nikajenga banda langu. Jamani, nikaliharibu. Niliona haya kujenga kitu kama kibanda cha shamba, kwa hiyo nikaweka mabati mapya, nguzo fupi, na pande tatu nikazikinga kwa matete ili papendeze. Nikaliweka karibu na jiko ili nisitembee sana. Saa nane mchana lilikuwa tanuri. Moshi wa jiko ukawa unaingia na hautoki. Mume wangu akaniuliza kama tuanze kuoka mikate. Masika yalipokuja, maji ya uwanja yakaingia ndani, kuku wakahamia. Mpaka leo ni banda la kuku, na kuku wenyewe mchana hutoka nje.

Nawaambia makosa yangu ili msiyarudie.

Kabla ya kuchimba shimo hata moja, utafute upepo wa kwako. Usiniulize mimi upepo unatoka wapi, maana nchi yetu ni ya milima, na kila mteremko una upepo wake. Chukua kipande cha kanga kuukuu, ukifunge kwenye kijiti mahali unapotaka kujenga. Kiangalie siku saba, mchana na alasiri. Angalia pia moshi wa jiko unalala upande gani. Banda likae upande ambao moshi hauendi, na liwe mbali na jiko angalau hatua 10, hasa kama utaezeka nyasi. Cheche moja inatosha kuleta msiba.

Tazama na migomba. Sisi nyumba zetu zimo ndani ya vibanja, na wengine migomba yetu inagusa ukuta. Mgomba ni baraka, lakini ukisongamana unauzuia upepo na kuweka unyevunyevu. Upande ule upepo unakotokea, ondoa mashina machache ufungue njia. Najua hapa wazee wananiangalia vibaya. Sikusema mfyeke kibanja. Nimesema mashina machache.

Na jua nalo lina tabia yake. Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo saa sita jua liko utosini, na paa lolote linalizuia. Mwezi wa Juni linaegemea kidogo kaskazini, Desemba linaegemea kusini. Jua baya ni la saa tisa na saa kumi. Hilo linainama, linapita chini ya paa na kukupiga usoni kutoka magharibi. Kwa hiyo banda lijengwe refu kutoka mashariki kwenda magharibi, ubavu mfupi ndio ulitazame jua la jioni. Ubavu huo wa magharibi upande kitu cha kutambaa. Mimi napenda pasheni, ile ambayo wengine huiita karakara. Inapanda upesi juu ya chanja, majani yake yanakinga jua lakini yanapitisha hewa, na watoto wanapata matunda.

Ukubwa wa mita 4 kwa mita 3 unatosha watu wanane kukaa na kazi zao. Nguzo ziwe ndefu, mtu mrefu anyoshe mkono asiguse paa. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wa banda langu. Hewa ya moto hupanda juu, na kama paa liko karibu na kichwa, wewe ndiye unayekaa ndani ya hewa hiyo. Chini ya nguzo tuna adui mchwa. Chagua mti mgumu, na sehemu itakayoingia ardhini uichome kwa moto mpaka iwe nyeusi kabla ya kuisimika. Haizuii mchwa milele, lakini inawachelewesha.

Paa la nyasi ndilo baridi kuliko yote. Liwe na unene wa shibiri moja na mteremko mkali, la sivyo maji yatakaa na nyasi zitaoza. Lakini najua nyasi nzuri siku hizi ni za kutafuta, na mwenye mabati hatayaacha. Sawa. Mwenye mabati atandike chini yake mikeka ya mafunjo, yale ya mabwawani. Asiigandamize kwenye mabati. Aache nafasi ya kiganja kati ya mikeka na bati, na nafasi hiyo iwe wazi pande zote mbili. Joto la bati litatoka kwa njia ile badala ya kushuka kichwani. Fungu la mafunjo halina bei kubwa, na wengi wenu mnajua kusuka.

Sakafu iinuliwe shibiri moja kutoka usawa wa uwanja. Leta changarawe, umwage, ushindilie sana, kisha upake udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na samadi ya ng'ombe. Kuzunguka pande zote uchimbe mfereji mdogo unaopeleka maji kwenye migomba. Usiruhusu maji yasimame. Mbu wa malaria huzaliana kwenye maji yaliyosimama, na ukiwa na kivuli kizuri chenye dimbwi pembeni, umemkaribisha mgeni usiyemtaka. Mbu hao huuma zaidi usiku. Kwa hiyo giza likiingia, watoto waingie ndani, walale kwenye chandarua. Banda hili ni la mchana na alasiri.

Kuna jambo moja litakaloleta ugomvi, afadhali nilitaje mapema. Kahawa na maharage yanataka jua. Baba ataona banda linakula uwanja wa kuanikia. Jibu lake ni kupima kivuli. Simamisha mti mrefu kama nguzo mahali pa banda, uweke alama kivuli chake kinapofika asubuhi, adhuhuri na jioni. Ukiona kinaangukia kwenye maanikio, sogeza. Ukipanga vizuri, maanikio yatakuwa mbele ya banda, na anayekaa kivulini ndiye anayewafukuza kuku na kuona wingu la mvua linakuja. Hapo kahawa yenyewe itakuwa na mlinzi.

Na miti? Kwa kivuli cha haraka, mti ule wa magome uliovaliwa na babu zetu, mnaouita omutoma, haunipi taabu. Unakata tawi nene, unalichomeka mwanzo wa mvua, linachipua. Mgrevilea nao ni mzuri pembeni ya uwanja. Mparachichi pia, ila usikae chini yake wakati wa matunda, mimi limenipiga kichwani. Mkaratusi usiupande karibu na nyumba. Unakunywa maji mengi, matawi yake huanguka, na chini yake hupandi kitu kikastawi.

Tena jihadharini na radi. Eneo hili la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Mawingu yakianza kunguruma, acheni ndizi zenu pale pale, muingie nyumbani. Wala msikimbilie chini ya mti mmoja uliosimama peke yake.

Nimeulizwa na mzee mmoja hapo nje kabla hatujaanza, "Mwalimu, hili banda la akina mama, nani atalijenga?" Nilimjibu kwamba sijaona kazi hapa ambayo watu sita hawawezi kuimaliza katika siku nne. Nguzo ziko vibanjani, mafunjo yako bondeni, udongo tunao. Kununua ni misumari na labda kamba. Akaniuliza tena, "Na sisi wanaume tutakaribishwa kukaa?" Mama mmoja akamjibu kabla yangu: "Ukija na kisu cha kumenyea ndizi."

Basi tumekubaliana hivi. Jumatano ya wiki ijayo, saa mbili asubuhi, kikundi kinakutana kwa yule mama niliyemsema mwanzo. Ameruhusu tuanzie kwake, na mzee wake ametoa nguzo mbili. Kanga imekwisha kufungwa kwenye kijiti tangu Jumapili, na upepo unaonekana unapanda kutoka bondeni. Wanaume waje na majembe na panga, akina mama waje na mafunjo, kila mmoja fungu moja. Mimi nitaleta misumari na magazeti matano.