Nani Humchagua Meya?

Mkazi wa Kariakoo aonapo taka zimelundikana Mtaa wa Kongo, amwendee nani? Amwendee diwani wake.

Kila miaka 5 wakazi wa kata humchagua diwani mmoja kwa kura ya siri. Madiwani wakutanapo katika Baraza, humchagua meya miongoni mwao. Mkurugenzi, msimamizi wa kazi za kila siku, huteuliwa na Rais. Tangu mwaka 2021, Kariakoo imo katika Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, iliyokuwa Manispaa ya Ilala.

Basi kumbukeni: ninyi hamumpigii kura meya. Sauti yenu ni diwani. Mkimchagua kwa sababu ya kanga aliyowagawia, msishangae taka zikibaki mlangoni.

Kabla ya somo lijalo, andikeni daftarini jina la diwani wa kata yenu. Kwaherini.