Mkorosho Uliovunjika: Usiukate Upesi

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Ndugu wasikilizaji wa Nachingwea na Ruangwa! Kaeni karibu na redio. Mwenye kalamu na daftari aviweke tayari.

Leo tutazungumza juu ya mkorosho wa nyumbani uliovunjwa na upepo. Mkorosho ni mti wa majani mabichi mwaka mzima. Wakati wa kiangazi, miti mingine inapobaki mitupu, mkorosho unaendelea kutupa kivuli. Tena hutupatia fedha. Someni jina la chama chetu kikuu cha ushirika: RUNALI. RU ni Ruangwa, NA ni Nachingwea, LI ni Liwale. Wakulima wa wilaya hizo tatu huuza korosho zao kwa njia ya ushirika huo.

Sasa tuseme usiku umepita upepo mkali. Baba anatoka nje asubuhi, anakuta tawi kubwa limepasuka na kulalia jiko. Jirani anamwambia, "Mti huu umekufa. Lete shoka, tupate kuni." Mama anasema, "Ada ya shule ya watoto hutoka katika mti huo." Je, baba amsikilize nani?

Haraka haraka haina baraka. Kukata mti ni kazi ya asubuhi moja. Kuukuza ni kazi ya miaka. Wazee wa Nachingwea waliliona jambo hilo. Mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947 ulileta matrekta makubwa yaliyong'oa msitu kwa muda mfupi. Mwaka 1951 mpango uliachwa, lakini miti iliyong'olewa haikurudi siku ile.

Basi baba afanye mambo manne.

La kwanza, aukague mti. Akwangue gome kidogo kwa kisu, kwenye shina na kwenye matawi yaliyobaki. Chini ya gome pakiwa pabichi na penye unyevu, mti ungali hai. Pakiwa pakavu na pa rangi ya udongo, sehemu hiyo imekufa.

La pili, akate tawi lililovunjika kwa msumeno mkali. Tawi zito lisikatwe kwa mara moja kutoka juu, maana litaanguka na kuchuna gome la shina. Kwanza akate kidogo kutoka chini, mbali kidogo na shina. Kisha akate kutoka juu, sentimita chache mbele ya pale, tawi lianguke. Mwisho aondoe kipande kilichobaki, karibu na shina, lakini asiukate ule uvimbe ulio kwenye maungio. Pale ndipo kidonda hufungika. Ajihadhari na utomvu, usimwingie machoni.

La tatu, ausafishe mti. Matawi yaliyokatwa yapelekwe mbali. Yasichomwe chini ya mti, kwa sababu moto huunguza gome na mizizi. Kila juma atazame shina. Akiona utomvu mweusi na unga wa mbao, ajue mdudu mtoboa shina ameingia. Amtoe funza kwa kisu au kwa waya, kisha amwite bwana shamba.

La nne, angoje. Mkorosho huchanua kwenye ncha za machipukizi mapya, kwa hiyo msimu mmoja huenda mavuno yakapungua. Hiyo si dalili ya kufa.

Na kama shina lenyewe limevunjika? Hata hapo usikate tamaa. Likatwe vizuri, libaki kisiki cha nusu mita hadi mita moja. Kisiki kilicho hai hutoa machipukizi. Chagueni machache yenye nguvu, yaliyo mbalimbali, mengine yaondolewe. Kisha bwana shamba atawaonyesha kubebesha, yaani kuunganisha chipukizi hilo na kikonyo cha mkorosho uzaao vizuri. Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimewafundisha wakulima kufufua mikorosho mikongwe kwa njia hiyo. Mizizi ya zamani hulisha mti mpya.

Upepo utakuja tena. Kimbunga kiliipiga Lindi mwezi wa Aprili 1952, na kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu mwezi wa Mei 2024. Hatuwezi kuuzuia upepo. Shoka twaweza kulizuia.

Sasa andikeni maneno haya: mkorosho, gome, utomvu, kisiki, chipukizi. Kisha mjibu:

1. Utajuaje kwamba mti ungali hai?
2. Kwa nini tawi zito hukatwa kwanza kutoka chini?
3. Kwa nini tusichome matawi chini ya mti?

Kesho asubuhi, kila mmoja akague mti mmoja wa nyumbani kwake, aje alieleze darasa alichokiona. Kwa herini.