Vipimo vya Tumbo Visiachwe Mwisho wa Foleni

Machi 2020, korona ilipoenea, hospitali za Uingereza zilisimamisha karibu vipimo vyote vya mfumo wa chakula visivyokuwa vya dharura. Sababu ilikuwa nzito. Mgonjwa anayepitishiwa mrija puani hadi tumboni hukohoa, hupiga chafya na hutaka kutapika, na anayemhudumia yuko karibu kabisa na uso wake. Barakoa zilikuwa haba, chanjo haikuwapo. Kufunga kulikuwa sahihi, na silaumu. Hoja yangu ni kuhusu kufungua. Ugonjwa wa mlipuko unapotulia, hatari ya kipimo hutazamwa kwa makini sana, lakini hatari ya kutopima haiingizwi kwenye hesabu. Ndiyo maana vipimo vya tumbo huwa vya mwisho kurudi, na wenye kulipa gharama hiyo ni wagonjwa wasioonekana wodini.

Gharama yenyewe tunaijua. Uchambuzi wa kumbukumbu za kitaifa za Uingereza, uliochapishwa mwaka huohuo katika jarida la Gut, ulionyesha kwamba kazi ya kamera za tumboni na kwenye utumbo ilishuka hadi asilimia 5 ya kawaida katika wiki mbaya zaidi. Kabla ya hapo saratani zilizogunduliwa kwa njia hiyo zilikuwa takriban 677 kila wiki. Zikapungua kwa asilimia 58, na zile za utumbo mpana kwa asilimia 72. Saratani zenyewe hazikwenda popote. Watu walikaa nazo nyumbani, zikakua.

Kamera, hata hivyo, ina watetezi wengi na ilianza kurudi mapema. Nyuma yake vipo vipimo vya utendaji kazi: mrija wa kupima nguvu ya misuli ya umio, kifaa cha kupima asidi kwa saa 24, kipimo cha pumzi. Hivi ndivyo vinavyosahaulika. Chukua ugonjwa uitwao akalasia, ambapo umio hushindwa kusukuma chakula na mlango wake wa chini hukataa kulegea. Mgonjwa akila, tonge linakwama kifuani, usiku chakula kinarudi kooni na kuingia mapafuni, mwili unakonda. Mapema katika ugonjwa huo kamera inaweza isione kasoro yoyote. Mrija ndio unaoona: mgonjwa anameza mafunda madogo ya maji, moja baada ya jingine mara kumi, na kwenye skrini misuli inajieleza yenyewe. Bila mrija huo, mtu huyu anaweza kuandikiwa vidonge vya kiungulia miaka nenda miaka rudi, na visimsaidie chochote.

Kuna wanaosema basi apewe dawa kwanza, asubiri. Kwa kiungulia cha kawaida nakubaliana nao kabisa, na hao ndio wengi. Lakini kumeza kwa shida si kiungulia. Katika ukanda wetu hasa, kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya na Tanzania, hadi Afrika Kusini, saratani ya umio imeenea kuliko sehemu nyingi za dunia, na dalili yake kuu ni hiyohiyo ya chakula kukwama. Anayekwama chakula na kukonda anatakiwa apigwe kamera siku za mwanzo kabisa za kufungua. Kamera isipoona kitu, mrija ufuate. Mwenye tumbo kujaa gesi anaweza kungoja.

Pingamizi la pili nalichukulia kwa uzito zaidi: uhai wa wahudumu. Rwanda ilipopatwa na Marburg Septemba 2024, wagonjwa 66 walithibitishwa, 15 wakafariki, na wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya. Hakuna kipimo cha kiungulia kinachostahili roho ya muuguzi. Lakini Marburg hupita kwenye damu na majimaji ya mwili, korona hupita zaidi kwenye hewa. Kanuni ya kufungua ni lazima ifuate njia ya ugonjwa wenyewe, na kwa ugonjwa wa hewa tunajua la kufanya. Chumba ambacho hewa yake hubadilika mara 6 kwa saa huhitaji dakika 46 kusafisha asilimia 99 ya chembe zinazoelea. Ikibadilika mara 12, ni dakika 23. Hapo unapata muda wa kungoja kati ya mgonjwa na mgonjwa, bila kubahatisha. Na wala si lazima kununua mitambo. Utafiti uliofanywa Lima, Peru, na kuchapishwa mwaka 2007 uligundua kwamba kufungua madirisha na milango kulibadilisha hewa mara 28 kwa saa kwa wastani, na hospitali kongwe zenye dari ndefu na madirisha mapana zilifanya vizuri zaidi. Majengo ya namna hiyo tunayo, na mengine tumeyaziba kwa ajili ya kiyoyozi.

Kipimo cha pumzi nacho si lazima kifanyike hospitalini: mgonjwa anaweza kupewa vichupa apulizie nyumbani kisha avirudishe, na bakteria wa vidonda vya tumbo wanaweza kutafutwa kwenye choo. Kumpima kila mgonjwa virusi kabla ya mrija kunasaidia, ila majibu ya kwamba hana maambukizi hayamvui mhudumu barakoa, kwa kuwa kipimo hicho hukosea, hasa siku za mwanzo za maambukizi.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya korona tarehe 5 Mei 2023. Huu ndio wakati wa kuandika nani atapimwa kwanza, nani atangoja na chumba gani kitatumika, kwa maana katikati ya mlipuko hakuna mwenye nafasi ya kufikiri. Ninawaomba waganga wafawidhi wa hospitali zetu za rufaa waifanye kazi hiyo mwaka huu: wapime hewa ya vyumba vyao vya vipimo, wabandike dakika za kungoja mlangoni, na mgonjwa anayekwama chakula wamwandike wa kwanza kwenye orodha.