Garanti ya miezi sita, na sheria ambayo hakuna aliyetusomea

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wapangaji wa komini ya Kabondo, Kisangani

Ninyi muliobakia kule nyuma juu ya baiskeli, mukaribie, toleka haitakimbia.

Nilikuwa nimetayarisha kuanza na sheria. Lakini nitaanza na kufuli.

Kuna jioni moja nilirudi kwenye chumba nilichokuwa napanga, hapa hapa Kabondo, nikakuta kufuli mpya juu ya mlango. Godoro yangu, masufuria mbili na madaftari ya masomo vilikuwa inje, juu ya udongo, na mvua ilikuwa tayari inanusa. Bayere hakuwa mtu mubaya, niseme ukweli. Alikuwa amepata mtu mwengine mwenye kutoa garanti ya miezi 8, na mtoto wake alikuwa amefukuzwa masomo juu ya minervali. Mimi nilikuwa nimetoa miezi 5, halafu nilikuwa na deni ya miezi 2. Nikamuuliza: "Mama, na garanti yangu?" Akanijibu: "Garanti gani? Si ulishaikula?" Hesabu ya 5 kutoa 2 hatukuifanya. Nilifunga godoro juu ya toleka, nikaenda kulala kwa rafiki Mangobo.

Sikuenda kwa shefu wa kartie, sikuenda kwenye serivisi ya Habitat, sikuenda Tripaix. Si woga. Sikujua tu kama mtu anaweza kwenda kule juu ya jambo la kufuli. Na siku ile sheria ilikuwa tayari iko, miaka kadhaa, imetiwa sahihi, imelala mu Journal Officiel.

Ni sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, juu ya upangaji wa nyumba. Muandike hiyo nambari mu telefone yenu sasa hivi, ninangoja.

Sawa. Inasema nini? Nitachukua tu yale ambayo yanatugusa kila siku. Garanti ya nyumba ya kulala haiwezi kupita miezi 3. Si 5, si 6, si 10. Bayere hawezi kukuamsha katikati ya kontra akakwambia uongeze garanti juu dolari imepanda. Ukitoka, garanti inarudi kwako, wakiisha kukata bei ya vile uliharibu. Akitaka utoke, anakupa preavi ya miezi 3, kwa maandishi. Na wewe pia ukitaka kutoka, unamupa preavi. Hiyo sehemu tunapenda kuisahau. Mukigombana, hamwendi kwanza kwa polisi: munapita kwa serivisi ya Habitat ya komini ili wawapatanishe, na ikishindikana ndipo munaenda kwenye tribinali.

Sasa tufanye hesabu ya Kabondo. Tuchukue chumba cha dolari 20 kwa mwezi. Kwa sheria, garanti yake ni dolari 60, basi. Kwa desturi yetu unaombwa miezi 6, yaani 120, halafu komisionere anataka mwezi wake mmoja juu ya kukuonyesha mlango. Unaanza maisha na dolari 140 kabla ya kununua hata mukeka. Kijana anayesukuma toleka atazitoa wapi? Anakopa. Na deni hiyo ndiyo inamufanya ashindwe kulipa mwezi wa tatu, wa ine, halafu tunasema "bapangaji ba leo habalipake".

Kuna watu wataniambia: tatizo si elimu, tatizo ni soko. Nyumba ni kidogo, watu ni wengi. Ni kweli. Tangu mwaka wa 2023, vita ya Mbole na Lengola kule Lubunga ilivusha familia nyingi mto, zikaja kutafuta vyumba upande huu. Wanafunzi wa UNIKIS wanatafuta pia. Bayere akisema "kama hauna, mwengine anangoja inje", hadanganyi, yule mwengine anangoja kweli. Lakini muangalie: yule anayengoja inje, naye hajui sheria. Kama watu kumi wanaofuatana kwenye mlango mmoja wote wanajua miezi 3, bayere atafanya nini? Ataacha chumba kilale bure mwaka muzima? Mwenye kujua peke yake anafukuzwa. Ndiyo maana elimu hii si ya mtu mmoja mmoja na Google yake. Ni ya avenyi nzima, kwa mara moja.

Kwa Kinshasa, mu mwaka wa 2025, gavana alitoa amri ya kukumbusha hiyo miezi 3. Watu walishangilia mu telefone. Mimi nilijiuliza tu: miaka karibu 10 kisha sheria kutoka, bado tunahitaji amri ya kukumbusha sheria? Amri haisomi mlango kwa mlango. Na sheria yenyewe iko mu Kifaransa cha wanasheria. Mama yangu anayepangisha vyumba viwili (ndiyo, mama yangu ni bayere, musicheke) hajawahi kuiona hata karatasi yake.

Na hapa nataka kukaa kidogo, juu mu mikutano yetu tunapenda sana kumufanya bayere kuwa adui. Kabondo si mahali pa majumba ya ghorofa yenye wenyewe wanaokaa Ulaya. Parseli ya kwetu munaijua. Bayere analala kwenye nyumba ya mbele, wapangaji watatu wako nyuma, choo ni kimoja, kisima ni kimoja, waya wa SNEL ni mmoja na kila mtu anasema friji si yake. Mingi kati ya wabayere wetu ni wajane. Feza ya nyumba ndiyo unga wao. Mpangaji akikaa miezi 4 bila kulipa, si tajiri anayeumia, ni mama anayekunywa dawa ya presha nusu kidonge.

Kwa hiyo tukisema "haki za mpangaji" bila kusema kazi zake, bamama watatufunga milango, na watakuwa na haki. Kulipa kwa siku muliyoandikiana. Kutunza nyumba kama yako. Kutojaza wajomba saba mu chumba kilichopangwa kwa watu wawili, bila kumujulisha mwenye nyumba. Kusema mapema paa ikivuja, si kungoja dari ianguke halafu ukatae kulipa. Kuomba risiti, na kuichunga. Mimi nilipofukuzwa sikuwa na karatasi hata moja, si kontra, si risiti, si ile orodha ya hali ya nyumba siku ya kuingia. Hata kama ningefika kwa Habitat, ningewaonyesha nini? Godoro?

Basi, ni nani atafundisha hayo yote, na kwa feza gani? Hili ndilo limetugawanya ndani ya harakati, na sitalificha.

Wamoja wanasema: tuombe misaada midogo ya mtaa, ile ambayo mifuko ya wafadhili inatoa kwa vikundi, tufanye kazi. Wengine wanasema: siku tutakapoanza kuonja feza ya mradi, tumekufa, tutaanza kuandika ripoti kuliko kuandika ukuta. Mimi nilikuwa kwa hao wa pili. Nimeona semina za "haki za raia" zilizofanyika mu hoteli ya Makiso, na maji ya chupa, na perdiem, na banderole, na mpangaji hata mmoja hakuwamo mu sala. Watu wa Kisangani tuna sababu ya kuogopa feza inayokuja kwa jina letu. Uganda ilitoa sehemu ya kwanza, milioni 65 za dolari, mu mwaka wa 2022 juu ya yale tuliyoteseka hapa, vita ya siku sita ya Juni 2000 ikiwamo. Ofisi ya mfuko iko hapa mjini. Na hadi leo, ukikaa kwenye kituo cha toleka, swali ni lile lile: zilipita wapi?

Lakini nimebadilisha mawazo, na nieleze juu ya nini.

Kwanza, kazi yenyewe ni ya bei ndogo. Kutafsiri sheria mu Kiswahili na mu Lingala, kurasa nne. Fotokopi. Megafone moja kwa kartie. Kontra ya mfano, karatasi moja, ambayo bayere na mpangaji wanaweza kuijaza na biki. Emisyo mu redio, jioni moja kwa juma, ili watu wapige simu. Kijana mmoja kwa kila avenyi aliyefundishwa vizuri, anayejua kusindikiza mama ama mpangaji hadi serivisi ya Habitat. Nafikiri semina moja ya hoteli inakula zaidi ya hayo yote. Kwa hiyo musaada ubaki mudogo. Ukiwa mukubwa, tutagombana juu yake.

Pili, feza hiyo haipaswi kuwa zawadi ya mtu. Munajua kodi ya mapato ya upangaji, ile wanaita IRL? Katiba, mu artikle 204, imeiweka kati ya kodi za jimbo. Kila nyumba inayopangishwa mu Kabondo, kwa sheria, inadaiwa hiyo kodi. Maana yake feza inayotoka kwenye upangaji wetu inakwenda kwa jimbo. Inarudi nini kwa mpangaji? Ofisi ya Habitat ya komini, mara nyingine, haina hata karatasi; unaambiwa uje na yako.

Kule Australia, mu jimbo la New South Wales, mpangaji hatoi garanti ibaki mu mufuko wa bayere. Inawekwa kwenye ofisi ya Leta, haipiti feza ya majuma 4, na riba inayozaliwa mule inasaidia kulipa vikundi vya mitaa vinavyofundisha wapangaji na kuwatetea. Si mzungu mwema aliyetoa. Ni feza ya wapangaji wenyewe inayorudi kufundisha wapangaji. Sisi hatuna benki ya garanti, na sidai tuwe nayo kesho. Bayere wa Kabondo siku ile ile anakwenda kulipa minervali na garanti yako. Lakini IRL tunayo. Tunachodai kwa jimbo la Tshopo ni kitu cha wazi: sehemu ya kodi hiyo itengwe mu bajeti, mustari wake ujulikane, igawanywe mu misaada midogo kwa vikundi vya avenyi mu makomini yote sita, Makiso, Tshopo, Kabondo, Mangobo, Kisangani na Lubunga, juu ya elimu ya upangaji.

Wengine watasema: mukidai hivyo, wabayere wasiolipa kodi watatuchukia. Labda. Lakini bayere anayelipa na haoni faida yake naye ana maswali. Mama yangu aliniuliza: "Bakinifundisha kuandika kontra, mupangaji atalipa?" Nilimujibu kwamba sijui, lakini akikataa, utakuwa na karatasi ya kuonyesha. Alinyamaza, halafu akasema nimuletee hiyo karatasi.

Na harakati yetu? Msimamo ninaoutetea ni huu: sisi hatugusi hiyo feza. Hata franga moja. Iende kwa kikundi cha avenyi, ambamo mpangaji na bayere wote wamo, wanaweka sahihi wawili, na hesabu inabandikwa kwenye ukuta kila mwisho wa mwezi, pale watu wanapochota maji, kwa maandiko makubwa: tulipata hizi, tulinunua hizi, zilibakia hizi. Kazi yetu ni kwenda kusoma huo ukuta. Asiyebandika, tutamusema kwa sauti, hata kama ni rafiki yetu. Hasa kama ni rafiki yetu.

Najua kuna wandugu humu hawakubali bado. Tutaendelea kubishana Ijumaa, ni vizuri.

Kwa sasa, hatutangoji jimbo. Tafsiri ya Kiswahili imekwisha, ile ya Lingala inabakia kurasa mbili. Mwenye Lingala safi ya kuandika, si ile ya muziki, anione kisha mukutano. Kila mmoja aliyekuja hapa aondoke na kontra za mfano mbili: moja yake, moja ya bayere wake. Umusomee yeye kwanza, polepole, umuache aulize. Akikasirika, usibishane mbele ya watoto wake, rudi kesho. Na ninyi wawili muliofungiwa chumba juma hili, mubakie. Kesho asubuhi saa mbili tunakwenda pamoja kwa Habitat ya komini, na tutaandika kila neno tutakaloambiwa pale. Kama hawana karatasi, tumeleta.